Mozarela ya Mkono Wangu Mwenyewe

Jumatatu, 3 Februari

Joto. Duka la vigae halina mteja hata mmoja. Nimeketi kwenye ukingo wa bafu la maonyesho, ambalo halijawahi kuogewa na mtu, na meneja anadhani naandika oda.

Jana nilisema jambo mbele za watu. Niliandike hapa lilivyokuwa, maana mke wangu ana namna yake ya kulisimulia.

Tulikuwa kwa mama mkwe kupanga chakula cha Jumapili ijayo. Mama mkwe anafunga duka lake la dawa, lile la chini ya nyumba yake. Amewauzia watu wa mtaa ule dawa ya kikohozi tangu wakiwa na meno ya utoto, sasa amechoka. Anataka tule pamoja, sisi wa nyumbani tu. Kila nyumba ilete kitu. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu, akasema ataleta mkate. Si wa kununua. Ataukanda mwenyewe. Akasema hivyo huku ameinyoosha mikono yake mbele yetu kama daktari anayesubiri kuvishwa glavu. Huyu bwana hukanda, husaga, hukausha, huchachusha. Mwaka jana alitengeneza sabuni, tukagawiwa kila mtu kipande. Mimi ilinitoa vipele. Humu daftarini namwita Bwana Mikono.

Mama mkwe akamwambia ana baraka mikononi. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama nitaweza kuleta soda.

Soda.

Nikasema nitaleta kianzio cha kufungulia mlo, nyanya za msimu huu na jibini la mozarela. Hapo ningefunga mdomo ningekuwa salama. Lakini Bwana Mikono akatabasamu, akasema siku hizi hata mozarela ya dukani si mbaya sana, kwa mtu mwenye haraka. Nikasikia sauti ikisema kwamba mozarela yangu naitengeneza mwenyewe. Ilikuwa sauti yangu.

Mama mkwe akaweka kikombe chini, akauliza tangu lini. Nikasema ni muda sasa. Mke wangu akaangalia dari.

Sijawahi kutengeneza jibini. Sijawahi hata kuchemsha maziwa yasifurike. Lakini siku bado zipo na akili ninayo.

Jumanne, 4 Februari

Nimetazama video. Mama mmoja wa aproni nyeupe anasema kutengeneza mozarela ni rahisi kabisa. Akishasema hivyo anatoa kipimajoto, anatoa dawa ya kugandishia, anaingiza mikono kwenye maji ya moto bila hata kukunja uso, na anavuta donge la maziwa kama anakunja shuka. Nilizima kabla hajamaliza. Watu wanaosema jambo ni rahisi wangefaa kushtakiwa.

Nimefikia uamuzi wa mtu mzima. Jibini litanunuliwa. Litatolewa kwenye pakiti, litaingia kwenye bakuli letu la udongo, na tangu hapo litakuwa langu. Ng'ombe hakulalamika alipochukuliwa maziwa. Sioni kwa nini kiwanda kilalamike.

Baada ya kazi nilipita supamaketi. Kwenye friji ya jibini kuna mwuzaji mwenye kofia ya wavu na sura ya mtu aliyeona mengi. Nikamwuliza mozarela ipi inaonekana kama imetengenezwa nyumbani. Akauliza kama nataka kuila au kuionyesha. Nikamwambia sikuja kuhojiwa.

Wanazo za aina tatu. Kuna ya tofali, iliyobanwa kwenye plastiki. Kuna iliyokwisha kukunwa, ndani ya mfuko. Na kuna madonge meupe yanayoelea kwenye maji yake, kama vitu vya maabara. Nimechukua zote. Utafiti.

Jumatano, 5 Februari

Matokeo ya utafiti, yakiwa bado mabichi.

Ya tofali. Ni ngumu kama kigae cha daraja la pili, na rangi yake ina umanjano wa pazia la ofisi ya serikali. Nilikata vipande, nikavipanga juu ya nyanya. Vikakaa hapo kama wageni waliolazimishwa kuja. Ukitafuna inalia kwenye meno, kwii kwii, kama kiatu kipya kwenye sakafu ya hospitali. Mke wangu alionja kimoja, akasema ni kifutio. Huenda ikafaa juu ya moto, kwenye tanuri, ambako aibu yake itayeyuka. Mbichi, na nyanya mbichi, ni matusi.

Iliyokunwa. Wameipaka unga ili isishikane. Niliimwaga juu ya nyanya na nyanya ikaonekana kama imeanguka sakafuni nikaiokota. Mdomoni ni vumbi, kisha ni uzi, kisha ni majuto. Sina la zaidi. Atakayeweka hiyo kwenye kianzio na awekwe jela moja na yule mama wa video.

Ya madonge. Sikutaka kuipenda. Nimekaa na bidhaa za kiwanda maisha yangu yote na najua zinavyodanganya. Lakini ni laini. Ukiipasua inatoa maziwa. Ndani ina nyuzinyuzi, kama kitu kilichofumwa. Kwa nyanya iliyoiva inakwenda kama usingizi na mvua. Kasoro zake ni kwamba haina chumvi wala msimamo, na inavuja. Nilipogeuka kutafuta uma, sahani ilikuwa dimbwi. Mimi nauza vifaa vya bafu, uvujaji naujua.

Mke wangu, bila kuulizwa, akasema kutoka kwenye cherehani yake kwamba madonge yachujwe kwanza juu ya kitambaa safi. Yapasuliwe kwa vidole, yasikatwe kwa kisu. Nyanya zitiwe chumvi mapema na zimwage maji yake. Na jibini litolewe kwenye friji kabla ya wakati, maana likiwa baridi halina ladha ya kitu. Nikamwambia hayo yote nilikuwa karibu kuyasema.

Alhamisi, 6 Februari

Pigo.

Madonge yaliyobaki niliyapeleka kazini. Nyumbani hayana usalama, kwa sababu shemeji, mke wa Bwana Mikono, akija kwetu huifungua friji yetu kama kabati la mama yake. Nikayaweka kwenye friji ya chumba cha chai, kwenye bakuli lenye kifuniko, juu yake nimebandika karatasi: SAMPULI, USIGUSE.

Mchana mhasibu akaja hadi kwenye meza yangu na mkate mkononi. Hakuja kuomba radhi. Alikuja kulalamika kwamba yai langu halina kiini.

Nilimweleza taratibu kwamba lile halikuwa yai. Akauliza kama ni hivyo, kwa nini nililimenya. Huyu ndiye mtu anayehesabu mishahara yetu.

Ijumaa, 7 Februari

Nyanya zimepatikana, nzuri, zimeiva kwenye mti, na ngozi zimepasuka kidogo karibu na kikonyo. Muuza nyanya alisema zisiwekwe kwenye friji. Nilijua.

Jioni nilifanya mazoezi ya maelezo mbele ya mke wangu. Maziwa ya asubuhi. Subira. Hisia za vidole. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho huku anatoa pini kwenye pindo la pazia, kisha akaniomba jambo. Akasema nimpelekee mama nyanya na jibini la dukani, na niseme ni la dukani. Mama hatajali. Mama anapenda nyanya.

Nikamwuliza Bwana Mikono je.

Akaweka pindo chini. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia. Amemwomba mama yake kile chumba cha chini, cha duka la dawa, kitakapokuwa tupu. Anataka kuhamishia ushonaji wake huko. Kwetu cherehani ipo koridoni. Ukitaka kwenda bafuni unaruka kitambaa cha mteja, na mimi mwenyewe nilishawahi kuruka vibaya nikakanyaga shela ya bibi harusi. Mama yake hakukataa wala hakukubali. Alisema atalitangaza Jumapili, wote wakiwepo. Kwa hiyo mke wangu anaomba Jumapili ipite kimya kimya, bila vituko.

Nimeguswa, lazima niseme. Miaka yote hii anashona kwenye upepo wa mlango wa choo na hajawahi kulalamika kwa sauti kubwa. Nikamwahidi hakutakuwa na kituko chochote.

Tena nimeona wazi kwamba jibini langu litamsaidia. Mama akiona binti yake ameolewa na mtu wa maana, mtu wa kazi ya mikono, atatoa chumba kwa moyo mweupe. Sikumweleza hili. Anapenda kubishana akiwa na pini mdomoni.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwenda supamaketi kuchukua madonge mapya. Yule wa kofia ya wavu akaniuliza onyesho linaendeleaje. Nikamwonyesha madonge.

Nilikuwa nimeshaweka pakiti kwenye kikapu nilipomwona Bwana Mikono akija kwenye njia ileile, ameshika hamira. Upande wa kushoto palikuwa na ukuta, upande wa kulia chakula cha paka. Nikajaza kikapu chakula cha paka mpaka jibini likafunikwa.

Akanisalimia vizuri, sharti nikiri. Akaniuliza jibini linaendeleaje. Nikasema limepumzika. Akatazama kikapu, akauliza tumeanza kufuga paka lini.

"Juzijuzi," nikasema.

"Mmoja?"

Nikatazama kikapu. "Watatu."

Akasema hakujua napenda wanyama, na kwamba hiyo imemfurahisha. Akasimama nyuma yangu kwenye foleni mpaka nikalipia kila pakiti. Sasa kabati letu la jikoni limejaa chakula cha paka cha ladha ya samaki, na mke wangu ameuliza ni cha nani.

Jumapili, 9 Februari

Nimeshinda. Niandike kwanza ushindi, mengine yatafuata.

Niliyafanya yote kwa utaratibu. Madonge niliyachuja alfajiri juu ya kitambaa. Nikayapasua kwa vidole, vipande visivyolingana, maana mkono wa binadamu hauna vipimo. Nyanya nilizitia chumvi zikatoa machozi yake. Nikaweka majani ya rihani, mafuta ya zeituni na pilipili manga. Kwenye bakuli la udongo ilionekana kama kitu cha watu wenye bustani.

Mama mkwe alionja. Akafumba macho. Akaonja tena. Shemeji akasema hajawahi kula jibini laini namna hii. Bwana Mikono alichovya mkate wake kwenye majimaji ya chini, akatafuna muda mrefu, akanitazama kwa macho ya heshima. Mkate wake ulikuwa mzito kama tofali la msingi, na nilifurahi kuona hivyo.

Kisha akaanza maswali. Aliuliza maziwa gani. Nikasema ya ng'ombe. Akauliza nagandisha kwa kitu gani. Nikasema kwa subira. Akauliza joto kiasi gani, na hapo nikanyoosha kidole hewani, nikasema kidole kinajua. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefunuliwa jambo.

Mama mkwe akaondoa miwani, akaifuta, akasema anataka kutangaza habari ya chumba. Mke wangu akaweka mikono mapajani.

Mama mkwe akasema alikuwa ameamua kumpa binti yake, ashonee humo. Lakini leo amebadilisha mawazo. Chumba kile kina friji ya dawa, kina sinki, kina vigae ukutani. Cherehani inaweza kukaa popote, ila maziwa yanataka mahali baridi na safi.

"Kichukue wewe, mwanangu," akaniambia. "Utengenezee jibini. Mtaa huu haujawahi kupata kitu kama hiki."

Aliniita mwanangu. Ni mara ya kwanza tangu nioe kwao. Huwa ananiita "huyu".

Nilitakiwa kusema. Najua nilitakiwa kusema, palepale, kabla mke wangu hajainua macho. Badala yake nikasema, "Asante, Mama."

Mke wangu akainuka akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia chakula.

Mama mkwe amesema kwanza anataka kuniona nikitengeneza. Atakuja kwetu Jumatano. Bwana Mikono ameomba aje naye, ajifunze. Shemeji ameulizia paka.

Jumatatu, 10 Februari

Mke wangu haongei. Cherehani ndiyo inaongea, na inasema mengi. Jioni nilipita koridoni nikaruka kitambaa kwa uangalifu mkubwa, nikamwambia nitalirekebisha hili jambo. Hakusimamisha mguu kwenye kanyagio.

"Mpigie Mama simu," akasema. "Dakika moja tu. Ukimaliza, njoo ule."

Nimelala bila kula. Nilikuwa nafikiria mpango.

Jumanne, 11 Februari

Mpango ni huu, na ni mzuri. Maziwa ni meupe. Mozarela ni nyeupe. Ukiweka kitu cheupe ndani ya kitu cheupe, nani atakiona? Nitayatia madonge kwenye sufuria mapema, nitamwaga maziwa juu yake, wageni wakifika watakuta maziwa tu. Nitakoroga. Nitapasha moto kidogo. Nitanuia. Kisha nitaingiza upawa na kutoa donge moja moja, kama mkunga.

Nikishaonyesha mara moja nitapata muda wa kufikiri kuhusu chumba. Huenda mke wangu akapata kona.

Namcheka Bwana Mikono kwa moyo wote. Angetumia mwaka mzima kujifunza jambo ambalo mimi nitalifanya kwa upawa.

Jumatano, 12 Februari

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni, bafu la nyumbani, lenye maji.

Walifika mapema. Mimi nilikuwa bado nafungua pakiti. Nikasikia mlango, nikasikia mke wangu akiwakaribisha kwa sauti tamu ambayo siku hizi mimi sipewi. Nikakata pakiti, nikamimina kila kilichokuwamo kwenye sufuria, nikaongeza maziwa, nikajifuta.

Mama mkwe akaketi kwenye kiti karibu na jiko, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kusimamia mtihani. Bwana Mikono alikuwa na zawadi yangu, ameifunga kwenye karatasi. Nikaifungua. Kipimajoto cha maziwa.

"Najua kidole chako kinatosha," akasema. "Hiki ni kwa ajili yetu sisi wengine."

Nikawasha moto mdogo. Nikakoroga juu juu. Nikawaeleza kuhusu subira. Nikawa nataka kuingiza upawa, Bwana Mikono akachomeka kipimajoto chake akasema bado, maziwa yako vuguvugu tu, kwa alivyosoma yeye ni lazima joto lipande zaidi. Mama mkwe akasema basi tusubiri, tusifanye haraka. Akaongeza moto kwa mkono wake.

Nilisimama pale nikitazama kipimajoto kikipanda. Nikasema huwa nazima mapema. Bwana Mikono akasema bado kidogo. Nikasema maziwa ya leo ni mepesi. Akasema bado kidogo.

Hatimaye wakaridhika. Nikaingiza upawa kutafuta donge. Madonge hayakuwepo. Kulikuwa na kitu kimoja, kirefu, kizito, kimejizungusha sufuria nzima. Nikauinua upawa, kikaja nao. Nikaunyanyua mpaka usawa wa kifua, kikaja. Nikainua mkono juu ya kichwa, na bado ncha nyingine ilikuwa chini kwenye maziwa, imeshikilia sufuria kama mtoto anayekataa kwenda shule.

"Hii ni hatua gani?" Bwana Mikono akauliza. Aliuliza kweli. Hakuwa ananicheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikasema ni hatua ya kamba.

Mama mkwe akainuka. Akanipokea upawa, akaanza kukivuta kile kitu pole pole, mkono baada ya mkono, na katikati yake kikatokea kipande cha plastiki. Kilikuwa kifuniko cha pakiti. Akakichomoa, akakisuuza kwenye sinki, akavaa miwani. Mwanamke aliyeuza dawa umri wake wote hawezi kushika pakiti bila kusoma tarehe.

"Itumike kabla ya tarehe kumi na tisa Februari," akasoma. Akanitazama juu ya miwani. "Ng'ombe wako ana utaratibu."

Maziwa yakachukua nafasi hiyo kufurika.

Mke wangu akazima jiko. Mama mkwe akageuza kile kifuniko, akaangalia picha yake, akasema anaijua. Ni ile ya madonge kwenye maji. Hununua kila wiki kwa yule mwenye kofia ya wavu, na huila na nyanya peke yake, amekaa ngazini, miguu ikiwa nje. Jumapili alipoonja alidhani nimefikia ladha ileile kwa mikono yangu, ndiyo maana akafumba macho.

"Sasa, baba, kwa nini hukusema umenunua?"

Nilikuwa na majibu kadhaa tayari. Lililotoka halikuwa miongoni mwao.

"Uliniambia nilete soda," nikasema.

Akakaa tena kwenye kiti. "Nilikwambia wewe kwa sababu wewe ndiye huzileta zikiwa baridi. Huyu mwingine," akaonyesha Bwana Mikono kwa upawa, "huwa anasahau barafu anakuja na hadithi ya mkate."

Bwana Mikono akasema ni kweli, husahau. Kisha, sijui nani alimtuma, akakata kipande cha ile kamba kwa kisu, akakipaka juu ya mkate aliokuja nao, akatia chumvi, akala. Akasema kwa moto si mbaya. Mke wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Jumapili.

Mimi nikaja huku bafuni. Nasikia wanakula jikoni bila mimi. Mama mkwe anauliza kama kuna paka wa kumpa masalio.

Alhamisi, 13 Februari

Hukumu imetoka kwa simu. Chumba ni cha mke wangu. Ataanza kushona humo mwezi ujao, na ile friji ya dawa itabaki kwa ajili ya maji ya kunywa ya wateja. Mimi nimepewa kazi ya soda, rasmi, kwa kila mlo wa familia, na mama mkwe amesema hilo si adhabu. Nimekata simu nikiwa nimetafakari sana.

Tafakari yangu ni hii. Sikukosea mahali popote ila pakiti. Kiwanda kinachobandika kifuniko chepesi namna ile hakina heshima kwa wateja wake. Na moto uliongezwa na mtu mwingine.

Mke wangu ameongea nami leo. Aliniomba nimsaidie kupima ukuta wa kile chumba. Nilimshikia utepe. Alisimama katikati ya zile rafu tupu, akageuka pole pole akitazama kila upande, na hakukuwa na kitu chochote cha kuruka. Nikakunja utepe taratibu.

Jumapili, 16 Februari

Chakula kwa mama mkwe. Soda zilikuwa baridi. Hakuna aliyesifu, lakini zote ziliisha.

Kwenye meza wakazungumza juu ya ufunguzi wa chumba. Mke wangu alisema vitu vyote anavyo, isipokuwa meza kubwa ya kukatia vitambaa, na hiyo atainunua polepole. Bwana Mikono akakohoa. Akasema meza si kazi kubwa, mbao nne tano na misumari, kama kuna mtu angependa yeye aitengeneze.

Nikasema asijisumbue. Meza ya mke wangu nitaitengeneza mimi mwenyewe.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Mke wangu akaangalia dari.

Nimeshapata fundi seremala, ng'ambo ya reli, mtu mkimya asiyefahamiana na yeyote wa ukoo wetu. Kazi yake ni safi mno, na hiyo ndiyo hatari. Nimemwomba upande mmoja asiupige msasa, na mguu mmoja auache mfupi kidogo. Hapo hakuna atakayeuliza swali.